Paji Lilikuwa Langu

Jikoni tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu mkubwa, na shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Majina yote ninayo kichwani, ila siyaandiki.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja huku milimani. Nilikuwa na uvimbe kwenye paji la uso, mkubwa kama yai la kuku. Mama yake shangazi, bibi yangu ambaye nilirithi jina lake, alizikwa na uvimbe kama huo, pajini pale pale. Ndiyo maana shangazi aliniita Mama, nami nilipenda kuitwa hivyo.

Nikawaambia: daktari wa misheni amesema ni mafuta tu, si ugonjwa mbaya. Naenda kuutoa.

"Unamfukuza mama yangu usoni pako?" shangazi akauliza.

"Mama yako yuko kaburini, shangazi. Hapa pajini ni mimi."

"Ukirudi bila huo, usitegemee nikuite Mama tena."

Mume wangu akadakia, "Mbona mimi nimeshauzoea?"

"Umeuzoea kwa macho. Kitambaa cha kuuficha nafunga mimi, naumia mimi."

Nikaenda na binti. Nilidhani nitapasuliwa paji zima. Daktari, kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, akasema, "Shikamoo mama. Nitakata padogo tu, ndani ya nywele." Akanichoma sindano ya ganzi. Nilikuwa macho, nikimsikia anavuta.

"Kumbe unachimba kama sisi," nikamwambia. "Kiazi kinatoka ubavuni, tuta linabaki zima."

"Mama, usinichekeshe, nina kisu."

Nikauomba ule uvimbe, akanipa kwenye kichupa. Ulikuwa wa njano kama mafuta ya kuku. Shangazi akataka tukauzike kaburini kwa mama yake. Nikakataa. Niliufukia kwenye ngolo, yale mashimo ya shambani tunamofukia majani yaoze, nikapanda maharage kando yake. Tangu siku hiyo aliniita "wewe".

Maharage yalipokomaa nikampelekea. Akanivuta kichwa, akapapasa nywele akitafuta kovu. Hakulipata.

"Mama," akasema, "chumvi hukuleta?"

Kama nimekosea nani alikuwepo jikoni, au yale hayakuwa maharage, anayekumbuka anisahihishe. Lakini kwamba paji lilikuwa langu, hapo sisahihishwi.