Vyerehani Vilipotufukuza Sebuleni

Mume wangu alikwenda msibani Katindiuka amevaa suruali ya mteja, na mteja mwenyewe alikuwa msibani hapohapo, amekaa kwenye jamvi, anamtazama.

Sikuweza kumlaumu. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, alikuwa na haraka, na sebuleni kwetu siku hizo suruali zilikuwa kila mahali: kwenye viti, juu ya televisheni, kwenye msumari wa kalenda ya parokia. Alichukua nyeusi ya kwanza iliyomwenea. Mteja naye alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa adabu zake. Alisubiri mpaka maziko yakaisha, akamsogelea mume wangu, akampa mkono wa pole, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba suruali imemkaa vizuri, ila fundi asisahau kupunguza urefu, maana mwenye nayo ni mfupi.

Mume wangu alirudi nyumbani, akabadilisha, akaikunja ile suruali kwa heshima zote na kuiweka mezani.

"Mama watoto," akasema, "kati yangu na hivi vyerehani, mmoja ahame."

Wifi yangu alikuwa sakafuni anakata mikono ya magauni. Hakuinua kichwa. "Kaka," akauliza, "wewe unaweza kutia lastiki kwenye sketi?"

Kaka akasema hawezi.

"Basi usitupe nafasi ya kuchagua."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta fremu, chumba cha biashara cha kupanga.

Biashara yenyewe ilianza na cherehani kimoja barazani, nikishona foronya na vitambaa vya meza. Baadaye wifi, dada wa mume wangu, alichoka na biashara ya samaki huko Malinyi, akarudi Ifakara na cherehani chake cha miguu kinachonguruma kama trekta linalopanda mlima. Tukapata kazi ya sare za shule, zikafuata sare za kwaya, na magauni ya komunyo ya kwanza, tukaongeza cherehani cha tatu na binti wa kutusaidia. Baraza haikutosha tena. Tukaingia sebuleni polepole, kama maji yanavyoingia kwenye jaruba la mpunga, na siku tuliyoshtuka, wanajumuiya waliokuja kusali kwetu walikuwa wamekaa juu ya vitambaa, na mama mmoja alikwenda nyumbani kwake na pini kwenye khanga.

Nafasi lakini haikuwa tatizo letu pekee. Tulikuwa na tatizo la sauti ya wifi. Miaka ya kunadi kambale sokoni ilimwachia sauti ambayo hakuna mlango unaoizuia. Kazi yake ilikuwa kupima, yangu kuandika. Alikuwa akizungusha futi kwenye nyonga za mtu na kuitangaza namba kana kwamba mnunuzi yuko ng'ambo ya mto. Mama mmoja wa kwaya, mnene na mcheshi, alikuwa akija kupimwa alfajiri, kabla barabara haijaamka. Nilipomuuliza sababu, akaniambia kuwa mara ya mwisho alisikia kiuno chake kikitajwa kwenye genge la nyanya.

Tulimpata dalali. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye suti ya bluu na pikipiki, na katika maisha yake hajawahi kuona chumba kibaya. Kelele kwake zilikuwa wateja, giza lilikuwa ubaridi, na choo cha mbali kilikuwa nafasi ya kunyoosha miguu.

Kwanza alitupeleka fremu ya karibu na stendi. Mwenye nyumba alikuwa muungwana, akatuambia tukae humo siku nzima na cherehani kimoja, tuone kama panatufaa. Tukakaa. Hatukushona hata pindo. Kila aliyeingia alitaka kujua basi la Malinyi limeondoka au bado, na lile la Mlimba linapakia wapi. Mimi nilikuwa nikijibu kwamba sisi ni mafundi cherehani. Wifi aliona jibu hilo halimsaidii msafiri. Alitoka nje, akaulizauliza, akarudi na ratiba yote kichwani, na kufika mchana alikuwa amesimama mlangoni anaelekeza abiria kwa ile sauti yake, wapiga debe wamenyamaza wanamsikiliza. Jioni wakala mmoja wa mabasi alikuja kumshukuru na kumuuliza kama anatafuta kazi. Wifi aliniangalia kidogo kabla hajakataa, na nilijua hapo hapatufai.

Fremu ya pili ilikuwa jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Ilikuwa kubwa, na kodi yake ndogo kiasi cha kutia mashaka. Tulitundika kitambaa cheupe cha gauni la komunyo ukutani, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kilikuwa na rangi ya chapati. Mwenye mashine, Msukuma mrefu aliyekuwa mweupe kwa pumba mpaka kwenye kope, alicheka na kutushauri tushone nguo za kahawia tu, hatutaona tofauti.

Ya tatu ndiyo iliyotupofusha. Lilikuwa jengo jipya kandokando ya barabara kubwa, milango ya vioo, sakafu ya vigae vinavyong'aa. Wifi alivua ndala, akateleza kwa miguu mitupu kutoka ukuta hadi ukuta, mwanamke mzima wa miaka yake, na mimi nikateleza nyuma yake. Tulikubaliana meza ya kukatia ikae wapi na kioo kiwe wapi. Nilishaona jina la biashara yetu juu ya mlango. Dalali alisimama nje akifuta viatu, kama mtu aliyekwisha maliza kazi. Tukaambiwa tuje Jumamosi kuandikishana na kulipa kodi ya miezi sita.

Ijumaa mvua ilishuka kutoka upande wa milimani, ikanyesha usiku kucha.

Jumamosi tulikwenda tumevaa viatu vizuri. Mwanamke mwenye saluni ya fremu ya jirani alikuwa amekaa juu ya kaunta yake, miguu ameipandisha, anakunywa chai kwa utulivu kama abiria wa kivuko. Viti vyake vilikuwa juu ya meza. Katika fremu yetu maji yalifika juu ya kifundo cha mguu, na vigae vilionekana chini yake vizuri kabisa. Mwenye jengo alikuwa amesimama kizingitini, suruali ameikunja hadi magotini.

"Ni maji ya kupita tu," akatuambia.

"Yanapita, ndiyo," akasema yule mama wa saluni bila kugeuka. "Kila masika yanapita humu."

Dalali alikohoa na kusema kwamba maji ni baraka. Hapo kitu kikatikisika kwenye kona ambayo tulipanga kuweka kioo. Wifi aliinama, akatazama, akavua viatu vyake vizuri na kunikabidhi. Aliingia taratibu, akanyoosha mkono mmoja, na kabla mwenye jengo hajauliza anafanya nini, alikuwa ameinua kambale mwenye ukubwa wa mkono wa mtu mzima, kamshika nyuma ya kichwa pale ambapo miba haidhuru. Alimpima kwa macho kama zamani.

"Huyu kashapanga," akasema. "Sisi tutafute kwingine."

Jioni ile mume wangu alituuliza tumefikia wapi na fremu. Nilimwambia tumepata mboga. Alikula, akasifu, akauliza tena, na tulipomsimulia alicheka mpaka akasahau kwamba amekalia mkasi.

Lakini usiku sikucheka. Vitambaa vya shule moja ya Idete vilikuwa vimeshafika na hapakuwa na pa kuviweka. Nilianza kufikiri kwamba labda tulijiona wakubwa kabla ya wakati, na kwamba afadhali tukatae kazi nyingine, turudi barazani. Nilimweleza wifi asubuhi. Alinijibu kwamba yeye kurudi nyuma anakujua kwa cherehani tu, pale uzi unapokatika.

Nyuzi, lastiki na bitana tulizoea kununua kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alitoka pwani na majora ya kaniki akaishia kwetu. Tulikwenda kwake wiki ile, na wifi akaanza kumsimulia habari za kambale. Alisimulia kwa sauti yake ya kawaida. Alipofika pale pa kuvua viatu, tukasikia mtu anacheka nyuma ya pazia, huko uani. Alikuwa mke wa mwenye duka. Alituita tuingie.

Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akamtaka wifi aanze hadithi upya. Mwisho wake akauliza, "Nyinyi mnachotafuta hasa ni nini?"

Nilishangaa kwamba tangu tuanze kuzunguka hakuna aliyetuuliza hivyo, hata sisi wenyewe. Nilianza kusema mlango wa barabarani, nikasita. Nilifikiria wateja wetu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa kupita njia. Kila mmoja alitumwa na mwingine. Nikamwambia tunataka mahali pakavu, penye mwanga, ambapo mama anaweza kuvua khanga yake akapimwa bila mtaa mzima kujua.

Alitupeleka upande wa pili wa ua. Palikuwa na stoo ndefu iliyojengwa kwa ajili ya kuwekea chumvi, kwa hiyo msingi wake ulikuwa umeinuliwa, unapanda ngazi kuingia. Madirisha mawili makubwa. Ndani kulikuwa na magunia matupu, baiskeli isiyo na matairi na kuku mmoja aliyeatamia. Kulikuwa na mlango wa pembeni unaofungukia uchochoroni, hata huna haja ya kupita dukani, ambako kutwa walikaa wazee wanakunywa kahawa.

Nilimweleza waziwazi kuhusu sauti. Akasema hilo tutalipima sasa hivi. Akamwambia wifi anipime mimi kama anavyopima siku zote, yeye akaenda kusimama dukani kwa wale wazee. Wifi akatoa futi mkobani. Sijawahi kutangazwa vile. Kifua, kiuno, nyonga, vyote vilitoka, na kuku akatoka navyo.

Yule mama alirudi akifuta machozi ya kicheko. "Namba hawakusikia," akasema. "Wanadhani humu kuna wanawake wanagombana. Hilo wameshalizoea."

Dalali tulipomwambia alisikitika. Alisema biashara ya uani ni biashara ya siri, mteja hawezi kuona usichomwonyesha. Kauli yake ilinikaa moyoni siku kadhaa. Mwishowe nilimwendea yule mama wa kwaya, nikamweleza kuhusu mlango wa uchochoroni. Alifikiri. Akasema kama kuna mlango ambao hatawasalimia wanaume kwenye kuingia wala kutoka, basi yeye atakuja saa sita mchana, na atakuja na kwaya nzima.

Tukachukua stoo. Mwenye duka akaturuhusu kutundika gauni moja la komunyo kando ya mlango wake, pale penye majora, na hilo ndilo likawa bango letu.

Tulihama kwa guta la magurudumu matatu, asubuhi yenye manyunyu. Vitambaa vyeupe tulivifunika kwa turubai la kuanikia mpunga, na wifi alikaa juu kabisa, cherehani chake cha miguu amekikumbatia, akiwapungia watu mkono kama bibi harusi. Mama mkwe alikuja kuomba rozari moja ndani ya stoo kabla hatujaanza kazi. Mama mwenye nyumba, yule mke wa mwenye duka, alisubiri amalize, kisha naye akaomba dua yake, akachoma udi. Wote wawili wakakaa kunywa chai, na mazungumzo yao yakawa marefu kuliko ibada zote mbili.

Mwaka huo Idi na komunyo ya kwanza zilikaribiana. Kwenye kamba ya uani tulitundika kanzu na magauni meupe pamoja, marefu na mafupi, na upepo ulipovuma vikapigana vibao kama watoto wa nyumba moja. Mama mwenye nyumba akajifunza kushona vifungo. Aligundua kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, akaanza kunirekebisha, na sasa hakuna kanzu inayotoka pale bila yeye kuipitia kola.

Mume wangu alipata sebule yake. Alikaa humo kama wiki hivi akiangalia mpira peke yake. Kisha siku moja akapita uani jioni, ati kuona kama taa zetu zinawaka vizuri. Siku nyingine akaja na redio. Siku hizi ana kiti chake karibu na dirisha, ambapo hampi mtu yeyote nafasi, na ukimuuliza atakwambia nyumbani kuna mwangwi.

Sasa kuna vyerehani vitano, na stoo imeanza kubana. Juzi nilimkuta wifi amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni, analitazama banda la kuku: upana wake, paa lake, jinsi jua linavyoingia. Alikuwa ameshatoa futi.

Mama mwenye nyumba alikuwa anamwangalia kutoka jikoni.

"Mwanangu," akamwambia, "yule kuku alitolewa stoo kwa ajili yenu. Mara ya pili hahami."

Wifi alisema alikuwa anaangalia tu, akapima hata hivyo, na mimi nikaandika.