Maswali Saba ya Kwenye Kadi

Mtaani humwita Mama Vidole, na jina hilo amelipata kihalali. Kwa miaka kumi na tisa ametibu watu kwa mikono mitupu katika chumba chenye kitanda kimoja, pazia la kijani na mizani ya kupimia uzito. Humjia dereva wa lori aliyekakamaa kiuno, karani ambaye kichwa kinamgonga kwa sababu ya shingo, mjamzito asiyejua alalie ubavu gani. Siku zote huanza mbali: kiuno kikiuma, hushika kwanza nyayo, kisha nyonga, akitafuta kiungo kilichogoma.

Ila hamgusi mtu kabla ya kadi. Ina maswali saba. Maumivu yanakuamsha usiku? Umepungua mwili? Miguu inakufa ganzi? Jibu moja baya, anamwandikia mtu barua ya hospitali. Mwanajeshi mmoja mstaafu aliwahi kumfokea, "Nimekuja kunyooshwa au kuhojiwa?" Akahojiwa.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, hakuulizwa hata moja. Alhamisi ya kwanza alijitupa kitandani akasema, "Mdogo wangu, nikande, cherehani imenimaliza." Akamkanda. Fundi cherehani kuumwa mgongo nayo ni habari? Wiki kumi zikaisha hivyo, wakiwasengenya mashemeji.

Alhamisi ya kumi na moja, akimlegezea sketi, kidole chake kilikuta mshono kiunoni, na mshono mwingine nyuma yake.

"Dada, umeipunguza hii?"

"Mara mbili. Nimerudi usichanani, shemeji yako mwenyewe kashtuka."

Mama Vidole hakucheka. Akaichukua kadi.

"Usiku maumivu yanakuamsha?"

"Si nilikwambia silali?"

Alikuwa amemwambia. Wiki ya tatu, kwa utani, na wote wawili walicheka.

"Miguu je?"

"Wa kushoto unasahausahau njia. Hebu weka hiyo kadi, bwana. Tangu lini mimi nikawa mgonjwa wako?"

Picha za hospitali zilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa na uvimbe, mfupa umebaki kama biskuti. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliuliza kama kuna mtu aliyekuwa akiukanda mgongo huo.

"Nani anikande?" dada aliharakisha kujibu, bila kumtazama mdogo wake. "Mimi nina nafasi hiyo?"

Mama Vidole aliificha mikono yake mapajani. Daktari akasema wangejaribu mionzi kupunguza maumivu. Kuhusu kutembea, hakuahidi kitu. Kama angeletwa miezi miwili nyuma, alisema, halafu hakumalizia.

Sasa dada amelala wodini, kitanda cha dirishani, amegeukia ukuta.

"Nikande kidogo, mdogo wangu. Hawa wanajua sindano tu."

Mama Vidole alivuta kiti. Mgongo ulikuwa pale mbele yake, na alijua kila pingili ilipo. Alijua pia kwamba gumba lake likizama kidogo tu, mfupa ule unaweza kusagika. Akahamia miguuni.

"Mbona huanzi?"

"Naanza mbali," alisema, akakumbatia unyayo wa kushoto kwa viganja vyote viwili.

"Haya, basi shika."

"Nimeshika, dada."

Dada alisubiri kidogo.

"Bado hujashika," akasema.