Majani Yasiyo na Matundu

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata ikinipata kwa mbali tu nikipita mtaa wa Mamboleo, hunirudisha kwenye shamba la mboga ya sukuma wiki la Okoth, ndugu ya marehemu baba, kule Nyamasaria. Namtaja jina. Nimenyamaza vya kutosha.

Jioni mimi na dada yangu Akinyi tulikuwa tunatikisa miche ili nondo waruke. Walikuwa wembamba kama punje ya mchele, rangi ya vumbi, na wakikunja mabawa unaona mstari mweupemweupe wa mawimbi mgongoni. Watoto wao walikuwa viwavi wa kijani. Ukimgusa mmoja anarudi kinyumenyume, anajiachia, ananing'inia kwa uzi. Akinyi aliwaita wavuvi wa nchi kavu. Walikula jani kutoka chini, wakaacha ngozi ya juu, nyembamba hadi unaona jua. Wakishiba wanajisokotea neti, wanalala. Tuliwaonea wivu, maana kwetu neti ya mbu haikuwepo.

Mama alizoea kusema mdudu ni muonjaji wetu. Alichokula yeye, na wewe kula.

Jumamosi moja Okoth akapiga ile dawa ya ng'ombe kwenye sukuma. Kesho yake asubuhi tulitikisa miche, hakuna aliyeruka. Tukaona ni maajabu tu.

Baada ya kanisa akatuletea majani mapana, safi, bila tundu hata moja. Akamwambia mama, "Shemeji, leo mtakula kama watu wa ofisi." Mama aligeuza jani moja, akauliza polepole, "Mbona huyu hajaonja?" Lakini zawadi ya shemeji hairudishwi. Akayaosha mara mbili, akapika.

Kwa Okoth, mkewe alichuma yao kwenye miche michache ya nyuma ya jiko, ambayo haikupigwa dawa, majani kama chujio. Mtoto wao Tom akaja kwetu na sahani, akilia anataka ya kwetu. Okoth akamfuata mbio, akampiga kofi, sahani ikaanguka. Tulimcheka Tom sana. Akinyi alimwambia, "Enda ukule matundu yako."

Jumatatu Akinyi alikufa. Mimi na mama tulitapika, tukabaki. Okoth aliwaambia waombolezaji kuwa tulikunywa maji ya ziwa, na mkewe akaitikia.

Miaka mingi nilidhani Okoth alikuwa mjinga tu wa dawa. Halafu nikapata watoto wangu, nikajua jinsi mzazi anavyokimbia akiona mtoto anashika sumu. Ndipo nikalikumbuka lile kofi.