Kitufe cha Rudisha

Mama Vifungo alishona vifungo kwenye sare za watu miaka thelathini na minane, ndiyo sababu ya jina lake. Kama kulikuwa na mtu ambaye hakupaswa kubabaishwa na kitufe, ni yeye. Lakini asubuhi ile, saa tatu na dakika kumi, katika wodi ya upasuaji, kitufe kisichozidi ukucha wa mtoto kilimtoa jasho jembamba.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu hata baada ya kustaafu, alikuwa amelala kitanda cha pili kutoka dirishani, amevaa gauni la hospitali lenye kamba mgongoni. Saa tano angeingizwa chumba cha upasuaji, kifua kifunguliwe, moyo urekebishwe. Daktari hakuwaficha: wengi hutoka salama, wengine hawatoki. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe akauliza swali moja tu. Je, hadi saa tano watakuwa wamemaliza ile riwaya?

Riwaya yenyewe ilihusu saa kubwa ya stesheni iliyoibwa ukutani mchana kweupe, mbele ya abiria mia. Kisukari kilikuwa kimemla Mwalimu macho, na Mwalimu bila kitabu ni mtu wa kununa kutwa, basi mkewe ndiye aliyemsomea. Cha karatasi hakikupatikana popote. Maktaba ilikuwa nacho cha kielektroniki, na binti yao akawatumia kibao cha kusomea, chepesi kama sahani ya plastiki, herufi unazikuza upendavyo. Unaazima, kitabu kinaingia kibaoni, na siku kumi na nne zikiisha kinatoka chenyewe. Walikaa kwenye foleni miezi miwili ndipo wakakipata. Sasa zilibaki kurasa arobaini na mwizi hajajulikana.

"Siingii huko ndani bila kumjua mwizi," alisema Mwalimu. "Nikifa sijamjua, nitakutokea ndotoni kila siku."

"Hebu nyamaza nisome."

Akasoma. Mfagizi akapita na ndoo yake, ndoo ikagonga mguu wa kitanda, na sentensi nzima ikapotea.

"Rudisha," Mwalimu akasema. "Rudisha kidogo, ndoo imeniharibia. Nani alishika ngazi?"

Siku zote Mama Vifungo alirudi nyuma kwa kupangusa kioo na kidole gumba. Siku hiyo jicho moja lilikuwa mlangoni, akagusa pasipo pake, na orodha ya maneno ikajitokeza. Mojawapo lilikuwa lile lile la mumewe: Rudisha. Alilipokea kama msaada. Akabonyeza. Kibao kikamwuliza kama ana uhakika, na uhakika alikuwa nao, akabonyeza tena.

"Asante kwa kurudisha," kikaandika kibao. "Kitabu hiki kimepewa msomaji anayefuata."

Alibonyeza huku, akabonyeza kule, rafu ya vitabu kibaoni ikabaki tupu.

"Mbona kimya?" Mwalimu akauliza.

"Kibao kinafikiri. Nakuja."

Alitoka hadi kwenye ukumbi wa nje, akapiga simu maktaba. Akapokea mkutubi, yule dada aliyewasajili, mwenye sauti ya upole inayoudhi ukiwa na haraka.

"Mwanangu, nimerudisha kitabu."

"Asante sana, mama."

"Usinishukuru! Sikutaka kukirudisha. Nilitaka kurudisha ukurasa!"

Mkutubi akajizuia kucheka, na Mama Vifungo alimsikia akijizuia. "Mama, kimeshachukuliwa. Ukiomba tena, mbele yako wapo kumi na mmoja. Mfumo hauniruhusu kumruka mtu."

"Mume wangu anafunguliwa kifua saa tano."

Kicheko kikaisha huko upande wa pili. Zikasikika kelele za kibodi.

"Kuna nakala nyingine," mkutubi akasema. "Hiyo haina foleni."

"Kwa nini haina foleni?"

"Inachosha, mama. Ni kurasa zilizopigwa picha, herufi hazipangiki upya. Watu wakiiazima wanairudisha siku hiyo hiyo."

Aliiazima papo hapo. Kibao kikaitazama na kuikataa: aina hii ya faili haifunguki kwenye kifaa hiki. Akapiga simu tena, sasa sauti inamtoka kwa mikato. Mkutubi akamwambia kibao chao hakiijui aina hiyo ya faili, aachane nacho, aweke programu ya maktaba kwenye simu. Programu ikataka namba ya kadi. Kadi ilikuwa ndani ya pochi, chini ya futi yake ya kupimia nguo. Ikataka nenosiri, akalikosea mara mbili, na mara ya tatu aliliandika herufi moja moja huku akilitamka kwa hasira. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Kilizunguka mpaka akaanza kukitukana. Ilipofunguka, saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika tano.

Akarudi kitandani kwa mumewe akaanza kusoma. Picha ya ukurasa ukiikuza, nusu ya mstari inatoka nje ya kioo. Ikabidi aivute kwa kidole, kushoto kisha kulia, mstari kwa mstari, kama anayepitisha kitambaa chini ya sindano.

"Unasoma kama mtoto wa darasa la kwanza," Mwalimu akasema.

"Nimekirudisha kitabu maktaba. Uliniambia nirudishe, nikarudisha."

Mwalimu akacheka mpaka mashine ya kando ikapiga kelele na muuguzi akaja kuwagombeza wote wawili.

Saa tano kasoro dakika chache kitanda cha magurudumu kikasimama mlangoni. Zilibaki kurasa sita. Ndani ya riwaya, mkuu wa stesheni alikuwa amewaita wafanyakazi wote ukumbini na kufunga mlango.

"Ruka," Mwalimu akasema. "Nenda mwisho. Nitajie jina tu."

Angeweza. Ilikuwa kazi ya kuvuta mara chache. Lakini alimtazama mumewe usoni na akaona utulivu asioupenda, utulivu wa mtu aliyeshafunga mizigo na anasubiri kuaga. Akaizima simu, akaitia mfukoni.

"Sikwambii," akasema. "Ukimtaka mwizi, toka humo umfuate."

"Mke wangu, usinifanyie hivi."

"Nimeshafanya."

Muuguzi akajifanya anatafuta kitu kwenye faili. Mwalimu alisukumwa kwenye ukumbi huku akiita, "Mkatili wewe! Mkatili!" mpaka mlango ukafungwa.

Saa sita ikapita, saba, nane. Mama Vifungo alikaa kwenye benchi na simu mapajani. Alijilaani. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, naye amemnyima mtu huyu jina moja, na ikiwa hatoki, neno la mwisho kati yao litakuwa lile. Mara mbili alitaka kuzisoma zile kurasa sita peke yake, na mara mbili aliona haya. Saa kumi daktari akaja akivua kofia, akamwambia upasuaji umekwisha, wasubiri aamke.

Aliamka kesho yake asubuhi. Walipomtoa mpira wa kupumulia kooni, Mama Vifungo alikuwa pale pale, kavaa barakoa, anaogopa hata kumgusa mkono. Midomo ya Mwalimu ilikuwa mikavu, ikachezacheza bila sauti. Akainama mpaka sikio likakaribia kabisa.

"Rudisha kidogo," Mwalimu akanong'ona. "Nimesahau nani alishika ngazi."

Machozi yakamwingia ndani ya barakoa. Akaitoa simu, akauvuta ule ukurasa nyuma kwa kidole kimoja, polepole, asiguse kitu kingine chochote.