Sega la Asali Dirishani

Wacha niseme mwenyewe kabla hujasikia kwa watu wa Witeithie, mtaa wa shule yetu, maana wao huongeza chumvi: yule mwalimu aliyeonekana akikata uwanja wa shule mbio, soksi ndefu za mistari ya manjano na nyeusi miguuni, mabawa ya waya yakimpiga mgongoni, sega la asali mkononi na nyuki wakimfuata kama wazazi wanaodai ripoti, alikuwa ni mimi. Chumvi haihitajiki.

Mimi hufundisha gredi ya tatu katika shule ndogo ya kibinafsi, na ni mtu wa kujitesa. Somo la nusu saa nalifanyia mazoezi mbele ya kioo huko kwangu Ngoingwa mpaka jirani anajua mada ya kesho. Darasani mwangu yuko Moha, ambaye hawezi kukaa kitako hata umpake gundi, na yuko Nekesa, ambaye haoni tangu azaliwe. Hakuna aliyenifunza kufundisha mtoto asiyeona. Nilijifunza kwenye simu, video baada ya video, na kwa kujifunga leso machoni nikipika (ugali wa siku hiyo tusiuzungumzie).

Sasa, madam mkurugenzi wetu alikuwa amemwambia Mama Nekesa, anayefanya kazi kiwandani Thika, kwamba muhula ukiisha mtoto aende shule ya bweni ya wasioona, mbali, kwa sababu hapa kwetu anakaa tu, hajifunzi. Mama Nekesa alinisubiri getini jioni moja. Hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, huyu bado hulala ameshika sikio langu. Bweni nitampeleka aje?" Nikaingia ofisini nikamwomba mkurugenzi aje aone somo langu moja kabla hajaamua, yeye na mama mtoto pamoja. Akakubali. Mada ya Ijumaa ilikuwa nyuki.

Nilijiandaa kama mtu anayejenga nyumba. Nilitengeneza nyuki wa kitambaa mkubwa kama paka, miguu sita ya kushikwa, mabawa manne ya karatasi ya nailoni. Moha nilimpangia kazi ya kucheza ile densi ambayo nyuki hucheza kuwaonyesha wenzake njia ya chakula, ili huko kutotulia kwake kuwe somo. Nikafundisha wote kwamba nyuki akikukaribia hukimbii, hupigi, unasimama kama mti. Nikaagiza sega halisi, lenye asali, kutoka Gatuanyaga. Mpaka hapo mimi ni mwalimu bora, nawaomba mkumbuke hivyo.

Lakini Ijumaa asubuhi sega lilikuwa baridi na halinukii, nami nilitaka harufu impokee Nekesa mlangoni, ajue kabla hajagusa chochote kwamba leo ni leo. Basi nikaliweka dirishani, juani, dirisha wazi. Halafu (hapa ndipo mama yangu huwa anafunika uso) nikajipaka asali kidogo mikononi na kwenye mabawa ya waya niliyovaa kuwa nyuki, ili nikipita kati ya madawati Nekesa anifuate kwa pua. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Maua yalikuwa yamekauka kote. Ua la pekee mtaa mzima, ukifikiria vizuri, lilikuwa mimi.

Somo lilianza vizuri ajabu. Nekesa alimpapasa nyuki wa kitambaa, akahesabu miguu, akauliza mdomo uko wapi. Mama Nekesa alikuwa amekaa karibu na mlango, mkurugenzi nyuma, kando ya dirisha, faili magotini, na nikaona ameandika kitu. Ndipo akaingia nyuki mmoja wa kweli, akatua kwenye sega, akazungukazunguka, akatoka. Mimi badala ya kuogopa nikafurahi. Nikaambia darasa, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, kwamba mgeni wetu sasa anarudi nyumbani kuwaambia wenzake alichopata.

"Teacher," Moha akauliza akiwa juu ya kiti, "ataambia wenzake wakuje?"

"Ndiyo, Moha. Swali zuri sana."

Nikamwambia ateremke acheze ile densi. Darasa linapiga makofi, mkurugenzi anatabasamu, mimi najiona tayari ninapokea mkono wake, na Nekesa akainua kichwa akasema polepole, "Teacher, wamekuja."

Walikuja kweli. Mwanga wa dirishani ulififia. Watoto, Mungu awabariki, wakasimama kama miti, hata Moha, mara ya kwanza mwaka huo. Aliyekataa kuwa mti ni mkurugenzi. Alimpiga mmoja kwa faili, na ukiua nyuki mmoja umewatukana wote, kwa hivyo akadungwa sikioni, akapiga nduru, akatoka mbio kiatu kikibaki nyuma. Hapo nikajua kuna jambo moja tu la kufanya. Nikanyakua sega, nikatoka nalo mbio ili wanifuate mimi, na walinifuata (kwa asali niliyojipaka, wangenifuata hata bila kuombwa). Nyuma yangu nilisikia Mama Nekesa akifunga dirisha na mlango bila haraka, kama mtu anayefunga jikoni.

Nilipita katikati ya wazazi wa chekechea waliokuja kuchukua watoto. Mmoja alisema, "Huyu si ndiye Teacher Ciku?" na mwingine akajibu, "Mwache, ni hii mtaala mpya." Nikatupa sega ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba, nikajitumbukiza chini ya bomba la tangi, nikakaa huko na soksi zangu mpaka wakanichoka. Lakini kope zilikuwa zimeshadungwa, zote mbili, na macho yakafura mpaka yakafunga kabisa.

Hali ilipotulia hakuna mtoto aliyetaka kunikaribia, wote walisema bado nanukia. Mkono mdogo ukashika wangu. "Mimi najua njia ya ofisi," Nekesa akasema. Akaniongoza vizuri mpaka nikagonga nguzo kwa paji la uso.

"Pole, Teacher. Mimi huwa natosha kupita hapo."

Ofisini mkurugenzi alikuwa ameshikilia barafu kwenye sikio; nilijua kwa sauti ya maji yakidondoka. Mama Nekesa naye alikuwa ameitwa.

"Ciku, sasa naona umemaliza," mkurugenzi akasema.

"Bado, madam. Somo huisha na maswali."

"Maswali gani, na hata mlango hukuuona?"

Mabawa yalikuwa bado yananidondokea maji mgongoni, lakini sikutoka. Nikageukia nilipodhani Nekesa yuko (nilikuwa naongea na kabati, niliambiwa baadaye) nikauliza, "Nekesa, nyuki wengi walijuaje tuko na asali?"

"Wa kwanza alikuwa peke yake, sauti yake nyembamba. Akaenda. Aliwaambia kwa kucheza, vile Moha alicheza, mimi niliskia miguu yake ikizunguka ikitingika. Wakarudi sauti nzito."

"Na wewe uliogopa?" Huyo alikuwa mkurugenzi.

"Mmoja alinitembelea kwa mkono. Ana miguu sita kweli. Nilikuwa mti." Akafikiri kidogo. "Ni madam alikimbia. Niliskia kiatu kimoja."

"Nekesa, heshima," mama yake akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshikwa na kicheko.

Barafu ikadondoka. Hatimaye mkurugenzi akasema, "Mama Nekesa, wacha mtoto abaki. Huyu mwalimu ndiye sijui nimpeleke bweni gani."

Nilikaa nyumbani siku kadhaa nikiwa na uso kama andazi, na nikaapa sitajipaka tena chakula cha mnyama yeyote ninayemfundisha. Kufundisha sijaacha na siachi. Ila mada ya mwezi huu ni nyoka, na askari wa getini ameagizwa kupekua mkoba wangu kila asubuhi. Namfungulia mwenyewe kabla hajaomba: kamba, mchanga na ngozi ya kiatu kuukuu, vya kutengenezea nyoka wa kushikwa. Yeye hutikisa mkoba kwanza, asikilize, ndipo anipishe.