Alisema hana shida, wakamrudisha nyuma ya foleni

Saa moja asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la dobi kimeshajaa mvuke. Mama Pasi anatandaza shati jeupe mezani, anapapasa kola, anafuata mshono kwa vidole hadi kwenye kifungo cha kwanza, ndipo anashusha pasi. Macho yake yanatazama ukutani.

“Zamani nilikuwa naliangalia shati,” anasema. “Siku hizi naliuliza kwa mkono.”

Wenzake walimpachika jina hilo kwa kuwa amepiga pasi miaka ishirini na sita, na kola zake husimama zenyewe. Sasa mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Mwezi uliopita aliunguza mashati mawili, yakakatwa kwenye ujira wake. Mwenye duka, ambaye si mtu mbaya, amemwambia likiungua la tatu wataagana. Na Mama Pasi ndiye anayelipa kodi ya nyumba yao; mwanawe leo ana kibarua, kesho hana.

Ungedhani mtu wa namna hii yuko mbele kwenye foleni ya upasuaji. Alikuwepo. Kisha kliniki ya macho ikaanza kuwauliza wagonjwa wenyewe hali zao, jambo jema kabisa, na majibu yao ndiyo yakawa yanapanga nani atangulie.

Karani aliketi na kishikwambi, benchi la wagonjwa limejaa nyuma ya Mama Pasi.

“Mama, unapata shida kupika kwa sababu ya macho?”

“Hapana, mwanangu.”

“Kushuka ngazi?”

“Hapana.”

“Kutembea usiku?”

“Hapana, baba. Sina shida.”

Hakusema uongo. Hapiki tangu alipojimwagia maji ya moto, mkaza mwanawe akamnyang’anya sufuria. Ngazi hashuki, maana walihama ghorofani kwa ajili yake. Usiku hatoki kabisa. Kila alichokiacha kikahesabiwa kuwa anakiweza. Akapewa alama za mtu mwenye macho mazima na kusogezwa nyuma miezi minane.

Mkaza mwanawe aliposikia alishika kiuno.

“Mama, ulisema huna shida? Wewe uliyetia chumvi kwenye chai jana?”

“Ningesema nini? Wameniuliza kupika. Mimi sipiki.”

Inaudhi. Mtu ananyang’anywa maisha yake kipande kwa kipande, halafu anapewa alama nzuri kwa sababu hakulalamika. Kumuuliza mtu mzima mbio mbio, mbele ya watu, kama ana shida, ni sawa na kumuuliza mgeni mlangoni kama ana njaa. Nani mwenye haya zake atajibu ndiyo?

Msimamizi wa kliniki anasema maswali yameshaidhinishwa, hayawezi kubadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hakusema alijuaje kuwa ni mmoja. Waliokaa benchini siku ile waliulizwa maswali hayo hayo.

Mama Pasi ameomba ruhusa ya Jumatatu. Atakwenda na mkaza mwanawe, na ameapa hawaondoki mpaka aulizwe upya.

“Wasiniulize nashindwa nini,” anasema, mkono ukiwa juu ya mpini wa pasi. “Waniulize nimeacha nini. Tena waniulize mapema, kabla sijaiacha na hii.”