Hosea na Breki ya Kushoto

Hosea wa mtaa wa Mabawa hakujaliwa kuacha kitu kama alivyokikuta. Miaka thelathini alisimamia mizani ya katani shambani, na tangu astaafu amekwisha kufungua redio, pasi, saa ya ukutani, na bomba la jirani ambalo hakuombwa kulifungua. Mkewe Anjela alimzoea kwa yote isipokuwa gari lake. Mwaka wa pili huu hapandi. Alisema likifunga breki linavuta kulia, linampeleka kwenye malori yanayokuja, na yeye roho yake bado anaitaka. Hosea akamwambia huo ni woga wa uzee. Mama wa watu akawa anapanda basi.

Sasa Jumapili mtoto wa binti yao Queen anabatizwa Lushoto, na Hosea alijiapiza kwamba safari hii watakwenda pamoja. Yeye kuteremka garini na mkewe kuteremka kwenye basi, mbele ya wakwe, aliona ni aibu ya mwaka. Akawaza, akawazua, akapata dawa: gari lipendeze. Rimu zake zina matundu makubwa, na ndani breki zilionekana zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari. Atasugua, atapaka rangi, Anjela ataona gari jipya na woga utamtoka. Ndivyo alivyofikiri, maskini.

Ijumaa asubuhi akapiga jeki uani, akavua tairi la mbele la kulia. Alikuwa na brashi ya waya, msasa na petroli kidogo ya kufutia grisi. Kalipa, yaani kile chuma kinachoibana diski ili gari lisimame, alikisugua hadi kikatakata, akakipaka nyekundu. Diski yenyewe akaifunika kwa gazeti, akapaka kitovu na ukingo tu, maana uso ule unaobanwa ukiupaka rangi, breki haishiki. Uso wenyewe uling'aa kama sufuria ya Idi. Akajisifu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumsifu.

Akahamia kushoto, akavua tairi, akachuchumaa, akakunja uso. Diski ya huku ilikuwa na kutu uso mzima, kutu nene ya kumomonyoka. Kwa nini? Bahari ni ile ile, mvua ni ile ile. Mwingine angesugua, akapaka rangi, akaenda zake kunywa chai. Hosea akarudi kulia kutazama, akaja kushoto kutazama, akapitisha kidole. Kutu ya usiku mmoja huondoka gari likifunga breki mara mbili tatu. Hii haikuguswa siku nyingi.

Akamwita Anjela akae kiti cha dereva amkanyagie breki. Anjela akauliza kama gari litakwenda, akaambiwa liko juu ya jeki. Akakaa upande, mguu mmoja nje. Hosea akaishika diski kwa mikono miwili, akaizungusha. Ikazunguka.

"Umekanyaga?"

"Nimekanyaga, baba Queen."

"Ongeza."

Ikazunguka tena, kama vile hakuna breki duniani. Hosea akamshukuru mkewe, akamwambia basi, ashuke. Kisha akaingiza kichwa kwenye uvungu wa tairi, akakifuata kibomba cha mafuta ya breki kwa kidole mpaka akakuta pahali kimekunjwa na kugongwa nyundo, kikawa bapa kama tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha. Mafuta hayakuwa na njia. Mlima wa Soni, njia ya Lushoto, ameushuka mara ngapi na gari hili?

Akapanda baiskeli hadi Ngamiani kwa Shehe, fundi wake wa gari, amefura kwa hasira. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia, na mengi hayafai kuandikwa. Shehe alimwamkia shikamoo, akamsikiliza hadi mwisho huku akijifuta grisi, wala hakukasirika.

"Mzee Hosea, ile ilikuwa inavuja. Nikakwambia kalipa imekufa, leta nyingine. Ukasema niizibe kwanza uwahi msiba Muheza, spea utaileta wiki ijayo."

Hosea akafungua mdomo abishe, akaukumbuka ule msiba. Akakumbuka hata shati alilovaa. Tangu siku ile kila akifunga breki alikaza usukani, mpaka mikono ikazoea na yeye akasahau anaukazia nini. Mpekuzi yule wa vitu vya watu, hilo hakujiuliza hata siku moja.

Shehe akaahidi kuja kesho na kalipa nyingine na kibomba kipya. Hosea akarudi akikokota baiskeli, kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika. Angeweza kunyamaza: fundi atengeneze, mke apande, aone gari limetulia, amsifu mume kwa rangi. Wazo hilo alikuwa nalo hadi mlangoni, tusimfichie. Lakini alipomkuta Anjela anachambua mchicha, yote yakamtoka.

"Mama Queen, gari lilikuwa linavuta kweli. Breki ya kushoto imezibwa, na aliyesema izibwe ni mimi."

Anjela aliacha mchicha. Hosea akangoja ugomvi, na alikuwa tayari kuupokea. Ugomvi haukuja.

"Miaka miwili," Anjela alisema polepole, "kila nikipiga magoti namwomba Mungu aniondolee woga."